Tuache Kuibua Vipaji

Mwezi uliopita niliitwa kuwa mmoja wa waamuzi wa shindano la sanaa za vijana katika mji mmoja wa ukanda huu wetu wa dhahabu. Nyuma ya jukwaa palitundikwa bango lililotangaza kwamba siku hiyo ilikuwa siku ya "kuibua vipaji". Vijana ishirini na wawili wakapanda, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaghani shairi lake kwa dakika tatu. Jioni mshindi akakabidhiwa bahasha na godoro, akapigwa picha na mgeni rasmi, naye mgeni rasmi akatuhutubia kwamba mtoto huyu amezaliwa nacho, na kwamba Mwenyezi Mungu akikupa amekupa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa adabu.

Nilipotoka nje kutafuta bodaboda, kijana mmoja aliyeshika nafasi ya kumi na nne akanifuata. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia. Akasema kwa upole, bila kinyongo, kama mtu anayetaja bei ya sukari: "Mimi naona niache tu, mwalimu. Sikuzaliwa nacho."

Ndugu zangu malenga, ninaandika kwa sababu ya sentensi hiyo, na adabu ile ya makofi nimeiacha ukumbini.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kuibua ni kukileta juu kitu kilichozama au kilichofukiwa. Asemaye kwamba kipaji huibuliwa amekwisha kata shauri kuwa mshairi yumo chini tayari, mzima, na vina vyake na mizani yake, akingoja tu mtu wa kumteremshia kamba. Si ajabu neno hili likapendwa huku kwetu. Kuanzia Kahama hadi Geita tunaishi juu ya kitu kilichofukiwa, na watoto wetu hujifunza kuitazama ardhi kama sanduku kabla hawajajifunza kuitazama kama shamba.

Lakini hata kwa dhahabu yenyewe neno hilo ni la uongo. Muulize mchimbaji yeyote wa Nyarugusu, wa Rwamgasa, au wa Mwakitolyo kule Shinyanga. Kinachotoka duarani ni jiwe, tena mara nyingi jiwe lisilo na mng'aro wowote. Jiwe hilo hupondwa kwa nyundo, hupitishwa kwenye karasha likawa unga, unga ukapelekwa mwaloni ukaoshwa kwa maji mengi, na kile kidogo kinachobaki kikanaswa kwa zebaki na kuchomwa. (Zebaki hiyo inawadhuru ndugu zetu polepole, na hicho ni kilio kingine kinachohitaji makala yake.) Hata katika migodi mikubwa, yenye malori yanayozidi nyumba kwa urefu, tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu za dhahabu. Gramu chache kwa tani! Laiti bango lile lingeandikwa na mama anayeosha marudio mwaloni, lisingesema kuibua.

Itikadi iliyo nyuma ya neno hili naijua kwa kuwa nimeishi nayo maisha yangu yote ya kazi. Ukanda wetu unaabudu bahati. Habari ikivuma kwamba pahali fulani kuna mfumuko, kijiji hujaa wageni kabla ya wiki kwisha. Aliyetoka na mfuko mmoja wenye dhahabu husimuliwa miaka kumi, na mamia waliorudi kwao na madeni hawana msimulizi. Na penye bahati hapakosi mtu wa kuiuza. Sote tunakumbuka imani hiyo iliwafikisha wapi ndugu zetu wenye ualbino katika miaka ya 2007 na 2008. Siwezi kulinganisha damu na beti, wala sikusudii. Nataka tu wanaolitamka neno bahati kwa wepesi majukwaani wakumbuke kwamba huku halijapata kuwa neno jepesi.

Hata Mwadui tumeigeuza kuwa ngano ya bahati. Wapo wanaosimulia kana kwamba John Williamson alijikwaa tu juu ya almasi mwaka 1940 kama mtu anayeokota kifungo njiani, wakisahau kwamba alikuwa mjiolojia mwenye shahada ya uzamivu aliyekuwa ameitafuta chemchemi ya almasi hizo kwa miaka kadhaa. Nani alinufaika nazo ni suala jingine, nalo pia halihitaji bahati kulieleza.

Wazee wetu katika jambo la sanaa walikuwa na akili zaidi ya mabango yetu. Chukueni mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, na umati ndio mwamuzi: upande unaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Ni kweli kwamba pande zote mbili zina asili katika uganga, na kwamba dawa ya kuvuta watu haikukosekana. Lakini sijapata kuona kundi lililoitegemea dawa likaacha mazoezi. Ningi, yaani mtunzi na mwimbishaji wa kundi, hakuthubutu kuingia uwanjani na wimbo wa mwaka jana, kwa maana umati ungemgeuzia mgongo papo hapo na kuhamia ng'ambo. Alitunga, akawafundisha wenzake, wakarudia, akatupa, akatunga tena. Na wale wacheza bugobogobo wanaorusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea? Ngoma hiyo imetoka shambani, kwa vikundi vya kulima kwa zamu na kwa mdundo. Mikono ile ililijua jembe kwa miaka kabla ya kulichezea. Hakuna aliyewaibua.

Najua jibu linalokuja, maana nimelisikia katika vyumba vya walimu tangu ujana wangu: ngoma ni yetu, mwalimu, bali shairi la Kiswahili ni la watu wa pwani, wao huzaliwa nalo, sisi Wasukuma tutafika wapi na "r" na "l" zetu? Hili ni lile lile la kipaji, safari hii limevikwa kanzu ya kabila. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa hazaliwi na mizani. Huzaliwa katika nyumba ambamo tenzi husomwa kwa sauti, hupelekwa chuoni akahifadhi maneno kabla hajayaelewa, huwasikia wakubwa wakijibizana kwa beti. Akifika miaka kumi na mitano amekwisha fanya mazoezi ya miaka kumi na mitano. Kumwita mwenye damu ya ushairi ni kumdhulumu yeye na waliomfundisha.

Na bara imekwisha jibu zamani. Amri Abedi, mwana wa Ujiji, alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha kanuni za kushairi pamoja na diwani yake. Mtu haandiki kanuni za jambo ambalo watu huzaliwa nalo; hakuna kitabu cha kanuni za kupiga chafya. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyetuachia ngonjera zilizoghaniwa na kila shule ya nchi hii. Mulokozi na Kahigi waliipa diwani yao ya mwaka 1976 jina la Malenga wa Bara, na jina hilo lilitosha kuwa hoja. Hata Shaaban Robert, ambaye ni mtu wa Tanga na pwani inaweza kumdai kwa haki, alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini: forodha, mifugo, ofisi ya wilaya, upimaji. Vitabu vile vyote vinavyojaza rafu viliandikwa na karani mwenye ajira. Na kwa anayeniambia kwamba hana muda wala nafasi, Abdilatif Abdalla alikuwa kifungoni kuanzia 1969 hadi 1972, akaandika kwenye karatasi za chooni, na Sauti ya Dhiki ikatoka mwaka 1973.

Lakini mtu ninayependa kuwatajia wanafunzi wangu kuliko wote ni jirani yetu wa ziwani, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Hakuwa mtunzi wa mashairi, alikuwa mwandishi wa riwaya, ila kwa suala letu hana mfano. Alimaliza kuandika kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache ambayo hakuna mchapaji aliyetaka kuigusa. Miaka ikapita. Uzeeni, akiwa na maradhi ya viungo, akaketi akaitafsiri kazi hiyo yote kwa Kiswahili mwenyewe, kazi kubwa iliyohitaji vitabu viwili kuibeba. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya nukta ya mwisho ya mswada wa kwanza. Mwaka 1981 akafariki. Niambieni, waandalizi wa mashindano: kati ya 1945 na 1980, ni siku gani mngeweka jukwaa la kumwibua Kitereza? Mngempa godoro mwaka gani?

Sasa nikiri kosa langu, nisije nikaonekana nahubiri kutoka juu ya kichuguu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wenzangu waliniita Malenga, nami jina hilo nililivaa kama koti. Nilitunga haraka, mbele za watu, kwa jambo lolote. Siku moja nilimpelekea mkufunzi wetu wa Kiswahili daftari langu zima, mashairi arobaini na matatu, nikingojea sifa. Alikaa nalo wiki mbili. Aliporudisha, hakuandika neno lolote la sifa wala la kashfa. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya kila kina cha mwisho kilichoangukia kwenye kitenzi. Mashairi thelathini na moja yalikuwa mekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wasomaji wa lugha wataelewa mara moja. Kiswahili kinagawa vina bure. Vitenzi vyetu vya asili huishia na "a" katika kauli ya kawaida, na minyambuliko inaongeza "-ia", "-ea", "-wa", "-ka", "-na". Mwenye masikio mawili anaweza kupanga "kuelekea", "kuendelea", "kupotelea" mpaka jua lizame, mizani ikatimia na vina vikalingana, na asiseme kitu. Nilikuwa navuna nisichokilima, na kwa kuwa wenzangu walinipigia makofi, nilidhani ni karama.

Mkufunzi yule alinipa sharti moja: mwezi mzima, ubeti mmoja kila siku, na pasiwe na kitenzi mahali pa kina, cha kati wala cha mwisho. Nilidhani ni mchezo. Siku ya tisa nilitaka kulia. Ukinyimwa kitenzi unalazimika kutafuta nomino; na ukitafuta nomino unalazimika kutazama vitu. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeandika mashairi arobaini na matatu bila kutazama kitu chochote.

Sharti hilo nimewapa wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mmoja wao, kijana wa kidato cha pili katika shule moja ya kata huko Geita, aliniletea siku ya kwanza ubeti huu:

Elimu ninaitaka, maisha kuendelea,
Kila siku naamka, shuleni kuelekea,
Wazazi wanayo shaka, fedha zimepotelea,
Mola nipe kufunguka, nipate kuendelea.

Hesabuni mizani: nane kwa nane, haikosi hata moja. Vina vinalingana. Katika jukwaa la kuibua vipaji angepigiwa makofi. Nilimuuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" Akasema anashuka duarani. Nikamuuliza duara liko wapi katika ubeti huu. Akanyamaza. Nikampa sharti la vitenzi, akaandika kila siku isipokuwa siku za malaria, akatupa karibu vyote. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili aliniletea huu:

Baba kashuka kwa kamba, mama yu juu na ndoo,
Nyundo inagonga mwamba, mlio kama kilio,
Yamelegea matimba, yeye hana kimbilio,
Tumekwisha uza shamba, kwa hayo matarajio.

Bado si shairi kamili. Kilio cha mshororo wa pili kilikuwa kimechakaa kabla sisi hatujazaliwa, na utao wa mshororo wa mwisho umejaa hewa, nilimwambia hivyo hivyo. Lakini yamelegea matimba! Mtoto yule alikuwa amelala na hofu hiyo miaka yote, nayo haikuweza kutoka kinywani mwake mpaka vina vya bure vilipozuiwa. Sasa niambieni kama kati ya ubeti wa kwanza na wa pili alizaliwa upya. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye karasha, na bado anaandika.

Hapa kuna hoja ya kweli dhidi yangu, nami sitaikwepa. Wapo wanaotunga kila siku, miaka kumi, na hawaendi mbele hata hatua. Tunawajua, simu zetu zimejaa beti zao za asubuhi njema. Ni sawa. Kulirudia kosa kila siku ni kulikomaza. Ninaposema mazoezi sisemi wingi. Ninasema ubeti wa jana usomwe leo kwa sauti, sikio likiwa la mtu baki, kabla ya kutungwa mpya. Ninasema inkisari na mazida, ambazo ni dawa, zisiliwe kama ugali. Ninasema kila juma pawe na jambo moja ulilojinyima kwa makusudi: leo vitenzi, kesho tashbihi, keshokutwa neno "moyo". Na pawe na msomaji mmoja asiyekuogopa. Anayetunga kila siku kwa ajili ya makofi ya kila siku hafanyi mazoezi, anakula.

Na vijana wanaovikimbia vina vyote kwa kujificha nyuma ya Kezilahabi na Kichomi chake cha mwaka 1974, nawaomba wasilichafue jina la mwana huyo wa Ukerewe. Yule alikuwa mtafiti wa kazi za Shaaban Robert. Aliuacha mlango alioujua komeo lake. Mwenye kushindwa kufungua asituambie kwamba ameuacha.

Je, hakuna kabisa kipaji? Lipo sikio linalokamata mdundo upesi kuliko jingine, kama yupo mtoto anayekimbia upesi kuliko mwenziwe. Sibishi. Nimefundisha watoto wengi mno kubisha. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote hiyo wale wenye masikio mepesi ndio niliowapoteza wengi zaidi. Binti mmoja alishinda shindano kama lile, miaka kadhaa iliyopita, akaitwa kipaji cha mkoa mbele ya watu. Hakuandika tena. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kwamba kila alipoanza shairi liliharibika, na akaona kama kile alichopewa kimeondoka. Shairi kuharibika mwanzoni ni jambo la kila mtunzi aliyepata kuishi; lakini aliyeambiwa kwamba amezaliwa nacho huliona kosa kama hati ya kufutiwa. Kwake kazi ni aibu, kwa kuwa kazi ni ushahidi kwamba kipaji hakikutosha. Kwa hiyo bango lile linaua pande mbili: linamfukuza wa kumi na nne na linamgandisha wa kwanza.

Gharama za siku ile niliziona kwa macho yangu. Mahema, spika za muziki, chakula cha wageni, maji ya chupa, godoro. Sijasema watu wasile. Lakini katika shule alizotoka kila mmoja wa vijana wale ishirini na wawili, je, ipo diwani hata moja maktabani? Ipo maktaba? Yupo mwalimu mwenye saa moja kwa juma ya kukaa na watoto sita na madaftari yao? Waandalizi wakinialika tena mwakani, na sidhani kama watanialika, nitawaomba bango libaki nyumbani, na fedha ya mahema inunue kamusi na madaftari, na siku ya mashindano kila mtoto aje na daftari lake la mwaka mzima, lenye yale aliyoyatupa. Tuwaamuzi tulisome hilo. Dakika tatu za jukwaani zitafuata baadaye.

Yule kijana wa kumi na nne nilimwambia asubiri kwanza kuacha. Tulisimama pale penye bodaboda mpaka dereva akaanza kupiga honi. Nilimpa sharti la vitenzi na namba yangu ya simu. Siku ya tisa alinipigia usiku, sauti imebadilika, akaniambia kwamba zoezi hili halina maana na kwamba maneno yamekwisha. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, ila sikumwonyesha. Jana, siku ya kumi na tisa, ameniletea ubeti kuhusu ng'ombe wa babu yake walioswagwa kwenda kuuzwa mnadani. Kuna mizani tisa katika ukwapi wa mshororo wa tatu. Nimemrudishia.